Mama Ukoko na Majiko Matatu

Zamani kidogo, kabla kila mtu hajawa na simu ya kumwonyesha njia, mgeni aliyeingia mji ule wa kuta akiwa na tumbo tupu hakuulizia mkahawa. Aliulizia Mama Ukoko. Alielekezwa afuate kichochoro cha mafundi cherehani mpaka kinapokutana na cha wauza vioo, na hapo kwenye njia panda angekuta benchi, meza fupi na masinia matatu yaliyofunikwa vitambaa. Nyuma ya masinia alikaa mwanamke mfupi, mpana, mwenye macho ya mtu anayepima kitambaa bila futi. Hukuwa na haja ya kumwambia una njaa. Alishakuona tangu kwenye kona.

Mji ule ulijengwa na watu waliotoka pande nyingi, na kila waliokuja walikuja na sufuria yao. Wajukuu zao mpaka leo wanagombania nani alitangulia kuwasha moto. Kwa mgeni hiyo ilikuwa neema na balaa kwa pamoja: milango mingi, harufu nyingi, tumbo moja. Ukikosea mlango, umekosea siku.

Kati ya milango yote, mitatu ndiyo iliyokuwa na sifa. Ule wa kijani ulikuwa wa jiko la wali, la mpishi aliyeitwa Kimya, kwa sababu kutwa nzima alisema "hm" na kujiona ameongea vya kutosha. Wa pili ulikuwa wa jiko la tambi, la Shangazi Tambi, ambaye aliongea fungu lake na la Kimya juu yake. Wa tatu ulikuwa wa tanuri la mikate, na mwenye tanuri walimwita Mwokaji tu, mtu wa kusinzia amesimama, kichwa kikiegemea mwiko wa kutolea mikate.

Mama Ukoko hakuzaliwa na jina hilo. Alikuwa mke wa mchochea moto wa jiko la wali. Mumewe ndiye aliyepanga kuni, aliyejua lini kuvuta gogo na lini kuacha makaa yajifie. Akaugua kifua, akafa, akamwachia mkewe watoto watatu na koti lenye harufu ya moshi. Matanga yalipokwisha, mjane akaenda kwa Kimya kuulizia kazi.

"Kuna kusugua sufuria, shemeji," Kimya akasema. Siku hiyo aliongea mno.

Mjane akainama, akachungulia sufuria kubwa iliyokuwa imelazwa uani. Chini kulikuwa na ukoko mnene kama soli ya kiatu, wa rangi ya kahawia, umeng'ang'ania.

"Ukoko huu unaenda wapi?"

"Kuku."

"Kuku wako?"

"Wa jirani."

"Jirani anakuletea mayai?"

Kimya akafikiri. "Hapana."

"Basi sikiliza, shemeji. Mshahara wa kusugua kaa nao. Mimi nitakusugulia bure, sufuria zako zing'ae ujione meno. Ukoko wangu."

Wahudumu waliokuwa wanamenya vitunguu wakaangua kicheko, na jina la Mama Ukoko likaanzia hapo. Mmoja akasema, "Msiba umempanda kichwani. Ameomba chakula cha kuku!" Kimya hakucheka. Alimtazama mjane, akaitazama sufuria, akamtazama tena mjane. Kisha akasema, "Hm," na biashara ikafungwa.

Watu wengi hawakuielewa hesabu ile, ilhali ilikuwa nyepesi. Mshahara wa msugua sufuria una dari. Hata usugue mpaka uone upande wa pili, hauongezeki. Ukoko ni bidhaa. Bidhaa haina dari, ina mnunuzi tu, na mnunuzi hutafutwa.

Akauanika ukoko juani, akaukatakata, akaupitisha kwenye mafuta ya moto, akaunyunyizia chumvi na pilipili, akaufunga kwenye koni za magazeti. Nani asiyeupenda ukoko? Hakuna mtu mzima ambaye utotoni hakugombana na nduguye juu ya sufuria. Fundi cherehani wa kwanza alipouma, alifumba macho akasema, "Lo! Leo nimerudi jikoni kwa bibi yangu." Kesho yake akaja na wenzake wanne, kila mmoja na bibi yake.

Alipoona wali umekubali, akaenda kwa Shangazi Tambi kuomba kinachobaki kwenye kikaango kikubwa cha chuma, zile tambi zilizokauka pembeni zikawa kama nyuzi za dhahabu.

"Unataka makombo yangu?" Shangazi Tambi akapaza sauti mtaa mzima usikie. "Watu watasema nini?"

"Watasema kama makombo yako yanauzwa, chakula chenyewe kikoje."

Shangazi Tambi akafunga mdomo, jambo ambalo majirani walilikumbuka kwa muda mrefu. Mwokaji hakusumbua. Alizinduka, akasikiliza, akakubali kumpa ncha za mikate zilizoungua na ufuta ulioganda kwenye sinia, kisha akarudi usingizini.

Masinia yakawa matatu, na hapo ndipo akagundua kitu ambacho hakukipanga. Wageni wenye njaa walikuwa wakisimama njia panda wakigeuza shingo. Yeye akawa anawaambia, "Onja kwanza, bure." Walionja yote matatu, maana binadamu akiambiwa bure hachagui. Yeye hakuangalia walichoonja. Aliangalia walichorudia.

"Mkono wa kwanza una adabu," alipenda kusema. "Wa pili ndio wenye njaa."

Mkono ukirudi kwenye wali, alinyoosha kidole: mlango wa kijani, waambie umetoka kwangu. Ukirudi kwenye tambi, nenda kwa Shangazi, ila usimuulize habari za mwanawe, hutatoka leo. Waliopotea njia hawakuwapo. Wachumba walitumwa mlango mmoja wakarudi mwaka uliofuata na mtoto. Wafanyabiashara wa mbali walimjua kabla ya kuijua nyumba ya wageni waliyolala. Akasomesha watoto watatu kwa vilivyong'ang'ania chini ya vyungu vya watu wengine, na jina alilopewa kwa dhihaka akalivaa kama nguo ya Idi.

Kazi ilikuwa na sheria moja tu, na ilikuwa kali: asimwage mtu maji kwenye sufuria kabla yeye hajafika. Siku moja kwa Kimya aliajiriwa kijana mpya mwenye bidii, akaloweka sufuria zote ili kumrahisishia mama wa watu. Mama Ukoko alipoingia uani akakuta uji.

"Nani ameuua?"

"Mimi, mama. Nimelainisha."

"Umelainisha! Mwanangu, ungeninolea kisu cha kukatia ningekushukuru. Huu sasa nimpe nani, kibogoyo?"

Uani watu wakalalia magunia kwa kucheka. Hata Kimya aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mtu angedhani imeandikwa. Asubuhi moshi wa kuni ulitangulia kuamka, ukifuatiwa na harufu ya kitunguu. Adhuhuri vichochoro vilijaa milio ya vijiko. Alasiri, majiko yalipopumua, ilisikika sauti moja tu: kijiko cha chuma cha Mama Ukoko kikikwangua, krr, krr, krr, na watoto waliotoka shule wakaanza kukimbia.

Kisha zikaja sufuria zisizoshika.

Mtoto wa Kimya, aliyekuwa anafanya kazi mji mwingine, alimletea baba yake jiko la gesi na sufuria nyeusi ndani, laini kama kioo. Mama Ukoko alifika na kijiko chake, akainamisha sufuria, na wali uliobaki ukateleza wote ukatoka, kama mgeni mwenye adabu anayeondoka bila kuacha mkunjo kwenye shuka. Akapitisha kidole. Hakikupata hata punje.

"Hii kitu gani, shemeji?"

"Sufuria."

"Ukoko uko wapi?"

"Hakuna."

Alirudi benchini na sinia tupu. Baada ya muda mfupi Shangazi Tambi naye akanunua vikaango vya aina hiyo, maana hakupenda kupitwa. Mwokaji akaletewa karatasi za kutandika kwenye masinia, mikate ikawa inatoka bila kuacha hata alama.

Binti yake mkubwa, aliyekuwa akiishi kwenye maghorofa nje ya kuta, akaona huo ndio wakati.

"Mama, Mungu amekupumzisha. Funga. Muuza makava ya simu anaitaka ile kona, amenipigia mwenyewe. Njoo ukae na wajukuu zako."

"Nikakae nifanye nini?"

"Ukae tu, mama. Watu wa umri wako wanakaa."

"Kukaa ninakaa sasa. Benchi la nini lile?"

Hata hivyo aliona ukweli. Wakakubaliana: mwezi ukiisha masinia yakiwa matupu, kona aipate muuza makava, na yeye ahamie ghorofani. Si kwamba hakuwapenda wajukuu. Ila kuna watu ambao ukiwaondoa njia panda unakuwa umewaondoa duniani, wanabaki kupumua tu.

Alijaribu kwanza njia ya mkato. Akapika wali wake mwenyewe nyumbani, akauunguza kwa makusudi, akakwangua, akakaanga, akapanga kwenye sinia. Fundi saa wa jirani, mteja wa tangu enzi, akachukua kipande. Akatafuna. Akatafuna tena, polepole, kama anayesikiliza saa mbovu.

"Mama Ukoko, huu umeukusudia."

"Una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Ndiyo kasoro yenyewe. Ukoko haupikwi, mama. Unapikwa wali, ukoko unajileta."

Alimkasirikia mpaka jioni, kisha akala kipande yeye mwenyewe, akawamwagia kuku uliobaki.

Ikabaki njia moja, nayo ndiyo njia ya kila mtu aliyewahi kununua kitu sokoni: kugeuza mgongo. Muuzaji akikukazia, unaondoka. Akikuita, bei imeshuka. Asipokuita, umejua bei ya kweli. Akalipindua benchi, akalifunika gunia, akahamia kwa bintiye mapema, bila kumuaga mtu.

Ghorofani kulikuwa na vigae baridi, televisheni isiyozimwa, na sufuria ya umeme iliyopika wali kisha ikalia *ting* kama inayodai shukrani. Wajukuu walimpenda. Walimuuliza ukoko ni nini. Akafungua kinywa kuwaeleza, akakuta hana la kuwaonyesha. Kila kengele ya mlango ilipolia alikuwa wa kwanza kusimama, na kila mara alikuta mtu wa maji au wa takataka. Usiku alimsikia bintiye akimwambia mumewe, "Atazoea." Neno hilo lilimuuma kuliko kufukuzwa.

Aliyekuja wa kwanza alisikika tangu ngazi za chini.

"Ngazi hizi mmewekewa na adui gani?" Shangazi Tambi aliingia akihema, akajitupa kwenye kochi. "Wewe mwanamke! Unalala huku kwenye baridi, watu wamesimama pale njia panda kama mbuzi waliopotelewa na mchungaji. Wanaangalia kushoto, wanaangalia kulia, halafu wanatoka nje ya kuta kwenda kula kwenye ule mkahawa wenye picha za vyakula mlangoni. Picha! Mtu anakula picha!"

"Pole, Shangazi. Kunywa maji."

"Sitaki maji. Rudi."

"Nirudi nikauze nini? Vikaango vyako havinijui tena."

Wakavutana. Shangazi Tambi alitaja udugu, ujirani, na chumvi waliyokula pamoja. Mama Ukoko aliitikia yote kwa upole na hakusogea hata inchi. Mwishowe Shangazi akasalimu amri: kile kikaango cha chuma cha zamani, anachowekea makaa ya pasi, atakirudisha motoni, nusu ya tambi za mchana zitapikwa humo. "Mjanja wewe," akasema akiinuka. "Na mtoto wangu hujaniuliza hajambo." Ikabidi Mama Ukoko aulize, na mpaka jibu linakwisha chai ilikuwa imepoa mara mbili.

Mwokaji hakuja. Alimtuma mkewe aseme karatasi zile hata yeye hazimpendezi, zinamharibia usingizi kwa kuchakarisha, kwa hiyo anaziacha. Masinia mawili yakawa yamepatikana.

Kimya hakuja, hakutuma mtu. Mwezi ukawa unaelekea ukingoni. Na Mama Ukoko bila sinia la wali alikuwa jina bila mwenyewe. Basi akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika biashara: akarudi kwa miguu yake kwa muuzaji aliyemwacha.

Alimkuta Kimya ameketi mbele, watu wameshakula wameondoka. Kabla hajafungua mdomo, Kimya akamvutia kiti.

"Kaa, shemeji."

Hapo ndipo alipotambua kwamba miaka yote ile alipitia mlango wa uani. Hajawahi kuketi kwenye meza ya jiko la wali, dirishani, kama mteja. Kimya akaleta sahani. Wali ulikuwa mweupe, kila punje imesimama peke yake, na pembeni mchuzi.

"Sikuja kula. Nimekuja tuongee ile sufuria ya zamani. Moja tu, shemeji. Irudishe kwenye kuni, moja."

"Hm."

"Nitasugua zote. Hizo mpya pia."

Kimya akavuta kiti kingine akaketi mbele yake. Kisha akaanza kuongea, na aliongea kama mtu anayeshusha mzigo ngazi kwa ngazi.

"Shemeji. Unajua ukoko ule ulitoka wapi?"

"Kwenye sufuria yako."

"Mumeo alipokuwa hai hapakuwa na ukoko. Utando mwembamba tu, wa kumpa mtoto. Alijua kuutuliza moto. Alipokufa, sikupata tena mtu. Nilijaribu wengi. Moto ukawa unakula upande mmoja. Nikawa naunguza. Kila siku naunguza." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Mpishi anayeunguza huficha. Hutupia kuku. Wewe ukaja, ukauchukua, ukauweka kwenye sinia njia panda. Ukawa unawaambia watu, huu ni wa jiko la Kimya."

Mama Ukoko akamtazama usoni.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na watoto watatu."

"Walishakua, shemeji! Wa mwisho ana ndevu."

"Nikawa nimezoea kunyamaza." Karibu atabasamu. "Mwanangu aliponiletea hizi sufuria, siku ile ya kwanza nilipomimina wali ukatoka wote, nilikaa chini. Nikasema, sasa nimepika. Shemeji, usiniambie niunguze tena."

Kwenye biashara, mtu akikuonyesha bei yake ya kweli huna la kuongeza. Unalipa au unaondoka. Mama Ukoko alichukua kijiko akaanza kula. Alikula bila haraka, na akiwa anakula alimwona mumewe amechuchumaa mbele ya lile jiko la matofali, akivuta gogo nje kidogo, kidogo tena, akigeuza uso pembeni kuepuka moshi. Miaka yote alidhani ameishi kwa akili yake. Alikuwa ameishi pia kwa pengo aliloliacha yule bwana. Hakulia, alikuwa na njaa, na wali ulikuwa moto. Alimaliza sahani, akaukusanya wali kwa kijiko mpaka punje ya mwisho, ingawa chini hapakuwa na cha kukwangua.

"Ni mtamu," akasema.

Tangu waanze kujuana hakuwahi kumsifia. Ukisifia unachotaka kununua, umejipandishia bei mwenyewe. Kimya alilijua hilo vizuri, kwa hiyo alielewa kwamba hanunui tena. Akainamisha kichwa.

"Ahsante, shemeji."

Kesho yake Mama Ukoko akaliinua benchi, akapangusa vumbi, akapanga masinia mawili: tambi na mikate. Muuza makava ya simu alikuja kuangalia akakuta pamekaliwa, akanunua koni moja akaenda zake. Bintiye alipiga simu akalalamika, kisha akauliza kama anaweza kuwaleta watoto Jumamosi waone huo ukoko unavyofanana.

Fundi saa alikuwa wa kwanza kufika. Akatazama pale lilipokuwa linakaa sinia la tatu, pana alama tu ya duara kwenye mbao.

"Na wa wali?"

"Wa wali umekwisha."

"Umekwisha leo, au umekwisha?"

"Umekwisha, mwanangu. Mpishi amejua kupika." Akanyoosha kidole kuelekea mlango wa kijani. "Nenda kaule wenyewe. Ukifika, kaa dirishani."